Aligongwa na Nini, Akiwa na Nini, na Wapi
Mhadhara kwa watunza kumbukumbu za afya kuhusu usimbaji wa ajali za sketibodi na magari



Nimeombwa nizungumzie usimbaji wa majeraha. Somo hilo ni pana, nami nimeona heri nishike kona yake moja na kuichimba: mtu aliye kwenye sketibodi anapogongana na chombo cha moto. Kupitia kona hiyo nataka kusema jambo moja ninaloliamini kwa dhati. Msimbo unaoeleza chanzo cha ajali una thamani sawa na msimbo unaoeleza mfupa uliovunjika, na hospitali inayouacha wazi inawanyima wananchi haki yao.

Najua wapo wanaojiuliza sketibodi zinatuhusu nini sisi. Kwanza, zipo. Vijana wa Kitintale, pale Kampala, wana uwanja wao wa zege tangu miaka ya 2000, na Nairobi upo uwanja wa Shangilia. Lakini hiyo siyo sababu kubwa. Sababu kubwa ni kwamba Wamarekani, ambao sketibodi ni mchezo wao wa mtaani tangu magurudumu ya plastiki ya poliurethani yalipoingia sokoni California mwanzoni mwa miaka ya 1970, wameisimba ajali hii kwa undani mkubwa. Katika usimbaji wao tunaona waziwazi mifupa ya mfumo ambao sisi pia tunautumia kila siku, ingawa mara nyingi tunautumia nusunusu.

Tuanze na mfumo wenyewe. Mwaka 1893, Mfaransa Jacques Bertillon, mkuu wa takwimu wa jiji la Paris, aliwasilisha mbele ya wanatakwimu waliokutana Chicago orodha ya sababu za vifo ambayo mataifa yangeweza kuitumia kwa pamoja. Orodha ile ilirekebishwa tena na tena, hadi mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani lilipoichukua na kutoa toleo la sita. Toleo hilo lilifanya jambo ambalo kwetu sisi wa majeraha ni la msingi: kila jeraha likapewa nafasi mbili, moja ya kusema mwili umeumia vipi, nyingine ya kusema nini kimeuumiza. Toleo la kumi, ambalo wengi wetu tumelizoea kwa jina la ICD-10, lilipitishwa na Baraza la Afya Duniani mwaka 1990 na kuanza kutumika mwaka 1994. Ndani yake sura ya 19 ni ya majeraha, misimbo yenye herufi S na T. Sura ya 20 ni ya vyanzo, misimbo ya V, W, X na Y. Toleo la kumi na moja lilianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, ila hospitali nyingi bado zimo katika toleo la kumi, na mfano wangu nautoa humo.

Wamarekani wanalo toleo lao la ICD-10, lililoongezewa tarakimu na herufi, liitwalo ICD-10-CM. Walianza kulitumia tarehe 1 Oktoba 2015, baada ya kukaa muda mrefu na toleo la tisa. Hebu tuufungue msimbo mmoja kutoka humo: V03.12XA.

V03 inasema majeruhi alikuwa mtembea kwa miguu aliyegongana na gari dogo, pikapu au gari la aina ya van. Tarakimu ya nne, 1, inasema ajali ilitokea kwenye barabara ya umma. Ingekuwa 0, ilitokea nje ya barabara ya umma. Ingekuwa 9, hatujui. Tarakimu ya tano, 2, inasema alikuwa kwenye sketibodi. Angekuwa anatembea kwa miguu yake ingekuwa 0, na angekuwa amevaa viatu vya magurudumu ingekuwa 1. X haina habari yoyote. Imewekwa kushika nafasi ili herufi ya mwisho iketi mahali pake pa saba. Na A, herufi ya saba, inaeleza hatua ya matibabu.

Nimesikia wanafunzi wakishtuka hapa. Kijana anakimbia kwa mwendo wa kasi juu ya magurudumu manne, halafu kitabu kinamwita mtembea kwa miguu? Ndivyo. Kwa kanuni za ICD-10, mtembea kwa miguu ni mtu yeyote aliyehusika katika ajali bila kuwa ndani ya gari au treni, wala juu ya pikipiki, baiskeli au mnyama. Kundi hilo linabeba aliyeshuka kubadilisha tairi kando ya barabara. Linabeba pia wote wanaotumia vyombo vidogo vya kusukuma au kuteleza: kiti cha magurudumu, kigari cha mtoto, viatu vya magurudumu, sketibodi na mkokoteni. Sheria ya magari ya California nayo, kifungu cha 467, inamhesabu kuwa mtembea kwa miguu mtu anayetumia chombo kinachosukumwa kwa nguvu za binadamu, isipokuwa baiskeli.

Mkokoteni, nimesema. Nitaurudia baadaye, kwa maana kwetu ndipo uzito ulipo.

Msimbo wa chanzo humfuata majeruhi, haumfuati mkosaji. Sketibodi na baiskeli zikigongana na wote wawili wakaumia, aliye kwenye sketibodi anapata V01, mtembea kwa miguu aliyegongana na baiskeli. Mwendesha baiskeli anapata V10, mwendesha baiskeli aliyegongana na mtembea kwa miguu au mnyama. Ajali ni moja, mafaili ni mawili, misimbo ni miwili, na hakuna hata mmoja unaosema nani alikosea. Mwenye kuhukumu ni mahakama. Msimbaji anayejaribu kuhukumu kwa msimbo ameiacha kazi yake.

Halafu kuna ajali ambazo zinafanana machoni mwa mtu wa mapokezi, kumbe kitabuni ziko mbalimbali. Kijana akianguka peke yake kutoka kwenye sketibodi ni V00.131. Akigonga kitu kilichosimama, mfano nguzo ya taa, ni V00.132. Akigongwa na pikipiki au bajaji barabarani ni V02.12. Akigongwa na basi au lori ni V04.12. Faili likiandikwa tu “ajali ya sketibodi”, msimbaji aliyekaa ofisini saa nane baadaye hana njia ya kujua kama lilikuwa lori au jiwe.

Sasa nataka tukae kidogo na tukio moja. Nimelitunga kwa ajili ya kufundishia. Mvulana wa miaka 14 anacheza na sketibodi katika maegesho ya duka kubwa huko Marekani. Gari linarudi nyuma kutoka mahali lilipoegeshwa, dereva hamwoni, linamgonga. Muundi wa mguu wa kulia unavunjika kwa kukatika kwa upana na vipande vinaachana, ngozi haijapasuka. Kichwa kinagonga lami, anapoteza fahamu kwa dakika mbili tatu.

Msimbo wa kwanza unakuwa wa jeraha ambalo daktari analiona kuwa zito kuliko yote, tuseme ni mguu: S82.221A. Unafuata mtikisiko wa ubongo wenye kupoteza fahamu kwa dakika zisizozidi 30: S06.0X1A. Hapo ndipo vinakuja vyanzo, na kanuni haina mjadala: msimbo wa chanzo hauwi wa kwanza kamwe katika faili la matibabu. Je, tuandike V03.12XA? Hapana. Maegesho ya duka hayahesabiwi kuwa barabara ya umma. Msimbo sahihi ni V03.02XA, nje ya barabara ya umma. Mahali ni Y92.481, maegesho ya magari. Shughuli ni Y93.51, kuteleza kwa viatu vya magurudumu au sketibodi. Hali yake wakati huo ni Y99.8, kwa kuwa alikuwa anajiburudisha. Angekuwa kazini anasambaza vifurushi kwa ujira, ingekuwa Y99.0. Misimbo hii mitatu ya Y huandikwa mara moja tu, pale anapotibiwa kwa mara ya kwanza. Msimbo wa V huendelea kuambatana na jeraha kila anaporudi kwa ajili ya jeraha hilo.

Mvulana yuleyule, gari lilelile, mguu uleule, lakini yuko mtaani mbele ya nyumba yao: V03.12XA, na mahali panakuwa Y92.414, mtaa wa makazi au biashara. Mfupa haujabadilika. Daktari wa mifupa atafanya operesheni ileile, na bili huenda ikafanana hadi senti ya mwisho. Kilichobadilika ni nani anapaswa kusikia habari hii. Ajali ya maegesho inamhusu mwenye duka, mchoro wa njia za magari pale nje, na mtengenezaji wa magari aliyeweka au asiyeweka kamera ya nyuma. Ajali ya mtaani inamhusu halmashauri ya mji, matuta, vivuko, mwendo wa magari. Na ikiwa muuguzi hakuandika mahali, msimbaji anabaki na V03.92XA, yaani haijulikani kama ni barabarani au la, na habari haimfikii yeyote kati yao.

Niseme neno kuhusu ile herufi ya saba, maana inawachanganya hata wazoefu. A haimaanishi mgonjwa amefika kwa mara ya kwanza. Inamaanisha bado anapewa matibabu yenyewe ya jeraha. Mvulana wetu akipokelewa idara ya dharura leo, kisha kesho akapasuliwa na daktari mwingine katika hospitali nyingine, zote mbili ni A. Akirudi baada ya wiki kadhaa kuangaliwa kama mfupa unaunga, ni D. Akibaki na madhara ya kudumu, na madhara hayo ndiyo yanayomleta hospitali, ni S. Kwa mivunjiko ya mifupa herufi ni nyingi zaidi: B na C kwa mivunjiko iliyopasua ngozi, G kwa mfupa unaochelewa kuunga, K kwa usiounga, P kwa ulioungana vibaya. Hayo mtajifunza mkiwa na kitabu mkononi. Hayafai kukaririwa ukumbini.

Nageukia fedha, kwa kuwa ndizo zinazoamua wapi watu wanatia bidii. Katika hospitali ya Marekani msimbo wa jeraha ndio unaofungua mlango wa malipo. Msimbo wa chanzo, kwa ngazi ya taifa, si wa lazima; miongozo rasmi inahimiza tu uandikwe kwa hiari, isipokuwa pale jimbo au mlipaji fulani anapoudai. Matokeo yake mnaweza kuyakisia. Hata hivyo msimbo wa chanzo una faida ya kifedha ambayo wengi hawaioni. Mtu aliyegongwa na gari huenda gharama zake ni mzigo wa bima ya gari kabla ya bima ya afya. New York na Michigan, kwa mfano, zina sheria za bima ambazo mtembea kwa miguu aliyegongwa hulipiwa matibabu bila kwanza kubishania nani alikosea. Mlipaji akiona muundi umevunjika na hakuna chanzo, hutuma barua kwa mgonjwa kumuuliza aliumiaje, na dai linasimama hadi ajibu. Mstari mmoja wa maandishi pale mapokezi ungeiokoa familia na wiki za wasiwasi.

Lakini nisingependa tuishie kwenye malipo. Kuna jambo lilitokea katika kitabu chenyewe ambalo linanipa moyo. Skuta za umeme za kusimama zilipoenea mijini, majeruhi wake walianza kumiminika idara za dharura, na ICD-10-CM haikuwa na mahali pao. Walitupwa katika kapu la vyombo vinginevyo. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2020 wakapewa misimbo yao: aliyeanguka peke yake ni V00.841, na aliyegongana na gari dogo barabarani akiwa kwenye skuta hiyo ni V03.131. Kitabu hakikuota hayo chenyewe. Watu waliandika katika mafaili kwamba mgonjwa alikuwa kwenye skuta ya umeme hata pale ambapo msimbo haukuwepo, na maandishi hayo ndiyo yaliyowezesha kuomba msimbo. Kwa hiyo msiseme kamwe, “Hakuna msimbo wake, basi tusiandike.” Andikeni.

Sasa nije nyumbani, kwenye mkokoteni.

Katika ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani, ambayo haina ile tarakimu ya tano ya Wamarekani, kijana wa sketibodi aliyegongwa na gari dogo barabarani ni V03.1. Msukuma mkokoteni aliyetoka Kariakoo na magunia ya viazi alfajiri, akagongwa na gari dogo katika Barabara ya Msimbazi, naye ni V03.1. Wameketi kundi moja. Mmoja yuko mchezoni, mwingine anatafuta mkate wa watoto, na kitabu kimewapa wote wawili heshima ya kuhesabiwa miongoni mwa watembea kwa miguu, watu wasio na bati la kuwakinga.

Swali ni kama tunawahesabu. Fungueni mafaili ya majeruhi katika hospitali zetu mtakutana na herufi tatu: RTA. Ajali ya barabarani, basi. “RTA, mvunjiko wa muundi wa kulia.” Anayeandika hivyo ana wagonjwa kumi na tano benchini na damu kwenye glavu, simlaumu hata kidogo kwa uchovu wake. Lakini tazameni herufi hizo zinapelekea wapi. Msimbaji mwaminifu, asiyebuni, anaishia V89.2: mtu aliyeumia katika ajali ya chombo cha moto barabarani, haijulikani alikuwa nani wala alikuwa kwenye nini. Akibahatika kujua kwamba majeruhi alikuwa anatembea, anafika V09.3, mtembea kwa miguu katika ajali isiyoelezwa. Hapo msukuma mkokoteni, abiria wa bodaboda, mama aliyekuwa anavuka na ndoo na dereva wa lori wanakuwa mtu mmoja asiye na sura.

Kitabu kilikuwa na nafasi ya kila mmoja wao. Dereva wa bodaboda aliyegongana na gari dogo barabarani ni V23.4, na abiria wake aliyekaa nyuma ni V23.5. Aliyekuwa ndani ya bajaji yuko kati ya V30 na V39, kundi zima la vyombo vya moto vya magurudumu matatu. Abiria wa basi yuko kati ya V70 na V79. Mtembea kwa miguu aliyegongwa na bodaboda ni V02.1. Vyombo vyetu vilikuwemo kitabuni kabla bodaboda hazijajaa mitaani, na bado tunaandika RTA.

Uzito wa jambo hili unazidi pale mtu anapofariki. Katika faili la matibabu msimbo wa S unatangulia. Katika takwimu za vifo mpangilio unageuka. Sababu ya msingi ya kifo kilichotokana na ajali ni ule msimbo wa chanzo. Hakuna anayehesabiwa kufa kwa muundi. Amekufa kwa kugongwa na gari akiwa anasukuma mkokoteni, na kama hilo halikuandikwa, amekufa kwa jambo lisilojulikana. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inakadiria vifo milioni 1.19 barabarani kwa mwaka 2021. Kati yao asilimia 23 ni watembea kwa miguu, na asilimia 21 ni watu wa vyombo vya moto vya magurudumu mawili na matatu. Asilimia 92 ya vifo vyote hivyo ni katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Tarakimu za namna hiyo ndizo zinazoshikwa na anayepanga bajeti ya vivuko na njia za waenda kwa miguu. Zinaanza na mtu aliyekaa na kalamu pale mapokezi.

Tanzania tunayo tayari karatasi ambayo majeruhi wa ajali hupita nayo, PF3 ya polisi, na mara nyingi maelezo ya ajali yamo humo: chombo gani, barabara gani, saa ngapi. Nimeona mafaili ambamo PF3 imepinwa nyuma kabisa, imejaa maelezo mazuri, na ukurasa wa daktari mbele una zile herufi tatu. Habari ipo hospitalini, mita moja kutoka mkononi mwa msimbaji, lakini haikunakiliwa. Tukumbuke tu kwamba msimbaji hasimbi kwa kubahatisha wala kwa kusikia kwa mlinzi getini. Anahitaji maandishi ya aliyemhudumia mgonjwa. Kwa hiyo dawa yake iko kwa matabibu na wauguzi. Wao ndio wanaopaswa kuyaleta maelezo yale mbele, kwa mkono wao, katika ukurasa wa historia ya mgonjwa.

Na wasimbaji nao wawe na ujasiri wa kurudisha faili. Faili lenye “RTA” peke yake si faili lililokamilika. Mpelekee aliyeliandika, kwa adabu, umuulize: Daktari, alikuwa na nini, na aligongwa na nini? Nimeona vijana wakiogopa kufanya hivyo kwa sababu ya vyeo. Nawaomba wakuu wa idara waliomo humu wawalinde vijana hao, kwa maana wanafanya kazi ambayo sisi wengine tumeiacha.

Ombi langu kwenu, mkitoka hapa, ni dogo na halihitaji bajeti. Kuanzia zamu ya kesho, kila majeruhi wa ajali ya barabarani aandikiwe sentensi moja kamili yenye mambo manne: alikuwa akitembea, au alikuwa na chombo gani, aligongana na nini, ilikuwa barabara ya umma au mahali pengine, na ni wapi hasa, na alikuwa kazini au la. Muuguzi wa mapokezi anaweza kuiandika huku mgonjwa akipimwa presha. Wenye mamlaka ya fomu wachapishe mistari hiyo minne, na mahali fomu bado haijachapishwa, gongeni muhuri au andikeni kwa kalamu.